Nimonia hubisha hodi kabla ya kuua

Kila ufikapo mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Kinangop unapokataa kuondoka hata saa nne za asubuhi, na wakazi wa Limuru, Molo na Kericho wanapotembea wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti, kuna neno moja ambalo huwa midomoni mwa wengi wetu. Mtoto akikohoa, husemwa kuwa ni baridi. Akikataa uji, ni baridi. Akihema kama mtu aliyeupanda mlima mbio, bado husemwa kuwa ni baridi tu. Neno hilo “tu” ni dogo mno, lakini limewapeleka kaburini watoto wengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Siandiki haya kwa kuwa mimi ni daktari, la hasha. Mimi ni mzazi na mwandishi, na niyajuayo nimeyajua kwa kuuliza na kusoma. Lakini liko moja nililolishuhudia kwa macho yangu, nalo ndilo lililonisukuma kuishika kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu katika hospitali moja ya umma. Tulipokuwa tukingoja zamu yetu, niliketi benchi moja na nyanya mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu wake wa miezi minane. Mtoto yule alikuwa amevishwa sweta tatu, na juu yake blanketi, lakini pumzi zake zilisikika hadi nilipokuwa. Kila alipovuta hewa alitoa mguno mdogo, na mabawa ya pua yake yalitanuka kama ya ndama aliyekimbizwa.

Muuguzi alipomfunua kifua, uso wake ulibadilika. “Nyanya, mbona mmechelewa hivi?” aliuliza.

“Mwanangu, mimi niliona,” bibi kizee yule alijibu kwa sauti ya chini. “Siku ya pili niliziona mbavu zake zikiingia ndani. Lakini ni nani humsikiliza mzee?”

Baadaye alinisimulia kisa kizima. Alikuwa amemwambia mkaza mwanawe kwamba mtoto yule hakuwa na baridi ya kawaida. Mama mtoto akampigia simu mumewe, ambaye alikuwa akifanya kazi mjini. Mume akasema mtoto apakwe mafuta kifuani na anunuliwe dawa ya kikohozi dukani, kwa kuwa ni baridi tu. Pesa za hospitali zingepatikana mwisho wa mwezi. Siku ya nne, mtoto alipokataa kunyonya, nyanya aliwauza kuku wake wawili, akapanda pikipiki na kuja. Hakumngoja mtu ampe ruhusa.

Nitarudi kwa nyanya huyo. Kwanza, ndugu msomaji, hebu tuuchunguze ugonjwa wenyewe, maana adui usiyemjua huwezi kumpiga.

Mapafu ya binadamu yameumbwa mfano wa mti uliopinduliwa, shina likiwa juu na matawi chini. Hewa hupita kooni na kuingia katika njia zinazozidi kuwa nyembamba, hadi ifike katika vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo oksijeni inapovuka na kuingia katika damu, na hewa chafu ikatoka. Viini vya maradhi vinapovamia vifuko hivyo, mwili hupigana navyo, na katika vita hivyo vifuko hujaa maji na usaha mahali palipostahili kuwa na hewa. Hiyo ndiyo nimonia. Mgonjwa huwa mithili ya mtu anayezama majini ilhali amelala kitandani mwake.

Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini waliyaelewa maradhi haya kwa dalili zake. Ndiyo maana Waswahili wakayaita kichomi: mgonjwa akivuta pumzi huhisi kana kwamba ncha ya kisu inamchoma ubavuni. Maumivu hayo hutokea pale utando unaolifunika pafu unapovimba na kusuguana na ule uliotandazwa ndani ya kifua. Mtu mzima atashika ubavu na kulalamika. Mtoto mchanga hana ulimi wa kusema kwamba anachomwa. Yeye husema kwa pumzi zake, na asiyezitazama pumzi hizo hatamsikia.

Je, ni baridi iletayo nimonia? Hapa ndipo wengi tunapopotoka. Ugonjwa huu huletwa na viini. Miongoni mwa bakteria, anayeogopwa zaidi ni yule wanasayansi wamwitaye nyumokoka, akifuatwa na mwenzake aitwaye Hib. Virusi navyo vimo. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7, Kenya ikiwa mojawapo kupitia Kilifi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kirusi kinachojulikana kama RSV ndicho kilichoongoza kwa kuwalaza watoto wenye nimonia kali. Baridi yenyewe haina mbegu ya ugonjwa. Lakini msimu wa baridi hutufanya tujifungie ndani, tuzibe madirisha kwa matambara, tulale wengi katika chumba kimoja, na tuwashe jiko la makaa katikati ya nyumba. Hapo kikohozi cha mmoja huwa cha wote, na moshi huyalainishia maradhi njia.

Hasara ya ugonjwa huu ni kubwa kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee, nimonia iliwaua watoto 740,180 walio chini ya umri wa miaka mitano. Hiyo ilikuwa asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo ulimwenguni. Ukigawanya hesabu hiyo utaona kwamba kila dakika moja inapopita, zaidi ya mtoto mmoja hufariki. Wengi wa watoto hao wamo katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na Kusini mwa Asia, yaani huku kwetu na kwa maskini wenzetu. Lau kama ndege iliyojaa abiria ingeanguka mara kadhaa kila siku, mataifa yangeitisha mikutano. Kwa kuwa wanaokufa ni watoto wachanga, mmoja mmoja, katika vibanda na wodi mbalimbali, dunia hupiga miayo.

Watu hudhani kwamba mgonjwa wa nimonia ama hufa ama hupona, na mambo yakaishia hapo. Ukweli ni mchungu zaidi. Baina ya kufa na kupona kuna matatizo mengi ambayo nimonia iliyocheleweshwa huyazaa, na hayo ndiyo ningependa tuyatie maanani.

La kwanza ni upungufu wa oksijeni. Mapafu yakishajaa usaha, damu huzunguka mwilini bila ya kubeba kile ilichotumwa kubeba. Midomo na ulimi huweza kugeuka rangi ya samawati, ubongo ukaanza kulegea, na mtoto akawa mzito kuamka. Mgonjwa wa aina hii anahitaji oksijeni kabla ya jambo jingine lolote, na kuchelewa kwa saa chache kwaweza kuwa ndio mwisho wake.

La pili ni maji na usaha kukusanyika nje ya pafu, baina ya zile tando mbili nilizozitaja. Usaha huo hulibana pafu hadi likashindwa kutanuka, na dawa peke yake mara nyingi haitoshi kuuondoa. Yabidi daktari atoboe ubavu na kupitisha mrija wa kuukamua. Wakati mwingine jipu hufanyika ndani ya pafu lenyewe, na matibabu yakachukua wiki nyingi.

Huenda mtu akafikiri kwamba hayo huwapata tu wasio na elimu. Hebu na tumtazame William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada aliyepata sifa kubwa Marekani na baadaye Oxford, Uingereza. Kitabu chake cha tiba cha mwaka 1892 kilisomwa na vizazi vya madaktari, na nimonia ni mojawapo ya maradhi aliyoyaeleza humo kwa kina. Mwaka 1919 ugonjwa huo huo ulimvamia yeye mwenyewe. Usaha ukajaa kifuani mwake, na licha ya madaktari wenzake kujaribu kuuondoa, alifariki tarehe 29 Desemba mwaka huo. Wakati huo penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na haikuanza kuwafikia wagonjwa hadi miaka ya 1940. Osler alikuwa na elimu yote ya zama zake lakini hakuwa na dawa. Sisi dawa tunazo, na bado tunazika. Ni nani basi wa kulaumiwa zaidi?

La tatu ni viini kutoka mapafuni na kuingia katika damu. Vikishafika huko, mwili mzima huwa uwanja wa vita: shinikizo la damu huporomoka, figo hushindwa kufanya kazi, na viungo kimoja baada ya kingine huzima. Nyumokoka aweza pia kusafiri hadi katika ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo, ambayo huwaacha baadhi ya watoto wakiwa viziwi au wenye ulemavu wa akili na viungo. Mzazi aliyedhani kwamba anaokoa nauli hujikuta akimlea mtoto asiyemsikia anapomwita jina lake.

La nne ni makovu. Nimonia kali, hasa ikirudi mara kwa mara au ikifuatana na ukambi au kifaduro utotoni, huweza kuziharibu njia za hewa zikapanuka na kulegea. Makohozi hutuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba, na mtu akaishi na kikohozi kisichokwisha. Baadhi ya vijana tunaowaona wakishindwa kukimbia na wenzao uwanjani waliachiwa urithi huo walipokuwa hawajajua kutembea.

Na si watoto peke yao. Nimonia huwawinda wazee pia, na kwao huja kwa ujanja. Mzee aweza kuwa na nimonia asiwe na homa wala kikohozi kikubwa. Dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa, kuanguka ovyo, au kukataa chakula. Jamaa zake husema uzee umemzidi, kumbe ni mapafu. Isitoshe, uchunguzi wa kitabibu umeonyesha kwamba wazee waliolazwa kwa nimonia huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi katika wiki na miezi inayofuata. Kwa hivyo mzee aliyetoka hospitalini asiachwe peke yake eti kwa kuwa amepona.

Wako wengine ambao yafaa tuwachunge kwa jicho pevu: wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wenye kisukari, pumu, maradhi ya moyo au ya figo, wavutaji sigara, na wanywaji wa pombe kupita kiasi, ambao wakilewa huweza kuvuta matapishi yakaingia mapafuni. Watoto wenye selimundu, ugonjwa unaopatikana sana katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, hushambuliwa na nyumokoka kwa ukali usio wa kawaida, ndiyo sababu madaktari huwaandikia penisilini ya kila siku wakiwa wadogo. Nao watoto waliozaliwa na mama wenye virusi hupewa septrini ili kuwakinga na aina ya nimonia inayowanyemelea wasio na kinga. Mzazi aliyepewa dawa hizo asizipuuze kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Ni dawa hizo zinazomweka mzima.

Tumeyaona madhara. Sasa tuulize: je, nimonia huja kama mwizi wa usiku? La. Nimonia hubisha hodi. Hodi yake ni pumzi, na kila mzazi mwenye saa au simu ya mkononi aweza kuisikia bila ya kulipa hata senti moja.

Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida na atulizwe kwanza, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue nguo ukitazame kifua au tumbo lake. Kila linapopanda na kushuka, hesabu moja. Endelea hivyo kwa dakika nzima, usikatize katikati. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Wa kuanzia miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, hatari huanzia pumzi 50. Wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, huanzia 40. Akifikisha hesabu hizo, apelekwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila ya kungoja kesho.

Kisha itazame sehemu ya chini ya kifua. Iwapo inabonyea ndani mtoto avutapo hewa, ugonjwa umeshaota mizizi. Na ukiona kwamba mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepatwa na degedege, amelegea au haamki vizuri, anaguna kwa kila pumzi, au midomo yake imebadilika rangi, basi hapo si suala la siku bali ni la dakika. Mtoto wa chini ya miezi miwili asisubiri dalili nyingi. Moja tu yatosha kumkimbiza hospitalini.

Hayo ndiyo yanayostahili kufanywa. Tufanyayo wengi wetu ni kinyume chake. Wako wanaowanywesha watoto dawa za kikohozi za dukani, ambazo hazimgusi bakteria aliye mapafuni. Wako wanaomfunika mtoto mwenye homa kwa blanketi juu ya blanketi hadi akose hewa. Wako wanaomfukiza moshi wa majani. Wako pia, katika sehemu kadhaa za nchi, wanaompeleka mtoto anayekohoa akakatwe kimeo, na wembe ule ule ukatumiwa kwa watoto wengine. Kimeo hakina hatia yoyote. Nimonia haikai kooni. Kinachopatikana ni kidonda, damu, na siku nyingine mbili zilizopotea.

Linalosikitisha ni kwamba tiba yenyewe si ya ajabu. Mtoto ambaye nimonia yake haijafikia hatua ya hatari hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji au maziwa ya mama, mara mbili kwa siku kwa siku tano. Ni dawa ya bei nafuu. Lakini lazima iandikwe na mhudumu wa afya baada ya kumpima mtoto, na imalizwe. Mzazi anayeikatiza siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza, na anayeweka nusu iliyobaki ili ampe ndugu yake mwezi ujao, humfunza bakteria namna ya kuishinda dawa. Siku itafika ambapo dawa hiyo haitamsaidia wake wala wa jirani.

Kinga nayo imo mikononi mwetu. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib mwaka 2001, na dhidi ya nyumokoka mwaka 2011. Chanjo hizo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko Kilifi, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1989, walifuatilia matokeo yake kwa miaka mingi. Waligundua kwamba baada ya chanjo ya nyumokoka kuanza, watoto waliolazwa kwa nimonia iliyothibitishwa kwa picha za eksirei walipungua kwa asilimia 48. Ugonjwa mkali wa aina zile za nyumokoka zinazolengwa na chanjo ulipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata watu wazima ambao hawakudungwa sindano yoyote walinufaika, kwa kuwa watoto hawakuwa tena wakiwaambukiza. Anayeeneza uvumi dhidi ya chanjo na azijibu hesabu hizi kwanza.

Kwa chanjo hizo ongeza ile ya ukambi, mtoto akiwa na miezi tisa na kisha miezi kumi na minane, maana ukambi huifungulia nimonia mlango. Ongeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Ongeza kunawa mikono kwa sabuni. Na ongeza hewa safi: moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa mtoto karibu mara mbili. Ambaye hana uwezo wa kununua gesi anaweza angalau kupikia mahali penye dirisha lililo wazi, na kutomfunga mtoto mgongoni huku akichochea moto.

Nimewasema wazazi kwa kirefu, lakini singetenda haki lau ningewatwika wao mzigo wote. Mama aweza kuhesabu pumzi barabara, akafika katika zahanati alfajiri, akaukuta mlango umefungwa au rafu haina kidonge. Hapo kosa ni la nani?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu mwaka 2013, huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Basi magavana hawana pa kujificha. Kila zahanati inastahili kuwa na amoksilini ya watoto na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni ya damu. Kila hospitali inayolaza watoto yapaswa kuwa na oksijeni ya kutosha saa zote, mchana na usiku.

Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mnamo Machi 2020, kila mtu alijifunza neno oksijeni. Wakubwa walipoanza kuhema, kaunti kadhaa zilikimbilia mitambo ya kuizalisha. Lilikuwa jambo jema. Lakini watoto wa nimonia walikuwa wakiihitaji oksijeni hiyo hiyo miaka mingi kabla, na wataendelea kuihitaji. Mtambo usio na fundi, usio na umeme wa uhakika wala vipuri, ni pambo la uani. Wawakilishi wa wadi wanapoijadili bajeti na waulize swali moja: mtoto akiletwa usiku wa manane akiwa amegeuka samawati, je, oksijeni itamfikia baada ya dakika ngapi?

Mwaka 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja na kuwapa mikoba ya vifaa ili wapite nyumba hadi nyumba. Hao ndio wanaoweza kumfundisha kila mama na kila nyanya kuhesabu pumzi. Na walipwe kwa wakati, maana mkono mtupu haulambwi. Aidha, chanjo nyingi tunazozitumia tumekuwa tukizinunua kwa msaada wa shirika la Gavi, na Kenya iko njiani kuachishwa msaada huo hatua kwa hatua. Fedha za kuchukua mahali pake ni lazima zitengwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa makaburini.

Neno langu la mwisho nawaelekezea kina baba wenzangu. Katika nyumba nyingi mama huona ugonjwa, lakini baba ndiye mwenye kuidhinisha safari. Mtoto anapohema, hakuna muda wa mashauri ya simu. Iwekeni nauli ya dharura mikononi mwa wale wanaobaki na watoto, na muwape na idhini kabla ya ugonjwa kuja. Baba aliye mbali hawezi kuhesabu pumzi za mtoto kwa simu.

Mjukuu wa nyanya yule hakufa. Alikutwa na usaha baina ya pafu na ubavu, akatiwa mrija, na akalazwa kwa takriban wiki tatu. Baba yake alikuja kutoka mjini siku ya pili, akasimama kando ya kitanda bila ya kusema neno. Nilisikia baadaye kwamba waliuza mtamba ili kulipa gharama za matibabu na za kwenda na kurudi. Mtamba mzima, kwa sababu ya nauli ya pikipiki na vidonge vya siku tano.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyanya aliona siku ya pili. Nyumba nzima ikasikia siku ya nne. Julai nyingine itakuja na ukungu wake. Usiku huo mtoto wako atakapokohoa na pumzi zake zikaanza kwenda mbio, usiseme kwamba ni baridi tu. Mfunue kifua, tazama saa, uhesabu.